Muulize Fundi: Taa inacheza saa ngapi, na ya nani inacheza nayo?

Kila masika ikianza, barua za taa huongezeka. Mwezi huu nimeweka kando za pasi na za majokofu, nimebaki na za taa tu. Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Moshi, nilisomea chuo cha ufundi cha VETA enzi ambazo wasichana darasani hatukufika hata kujaza benchi, na duka langu la vifaa liko njia ya kwenda soko la Mbuyuni. Wengi wenu mnaniandikia mkiwa mmeshanunua balbu mpya, mmeona hali ni ile ile, ndipo mnanikumbuka. Nawaomba jambo moja kabla ya kutoa hela: tazameni taa inacheza wakati gani, na nini kingine kinacheza pamoja nayo. Nikijua hayo mawili, mara nyingi najua niende na ngazi au niende na bisibisi tu.

*Mwanangu fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kibosho. Taa za nyumba nzima zinafifia na kurudi, hasa jioni upepo ukishuka kutoka mlimani. Nimebadilisha balbu zote. Kijana mmoja alikuja akasema nyaya zote za nyumba zimechoka, akataja bei ya kununua ng'ombe wa maziwa. Jirani yangu yeye anasema ni bwawa la Nyumba ya Mungu limepungua maji. Nimsikilize nani?*

Shikamoo Mwalimu. Bwawa tuliondoe kwanza. Mitambo ya Nyumba ya Mungu ni ya megawati 8 tu, na umeme wako unatoka kwenye gridi ya taifa, ambako mitambo mingi inazalisha kwa pamoja. Gridi ikizidiwa, mitaa mizima hukatiwa. Haiwezi kusubiri upepo ndipo itikise sebule yako.

Na kijana naye mwache apite. Nyaya zilizo ndani ya ukuta hazipigwi na upepo. Kinachotikisika kiko nje: waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye paa lako, vibano vyake huko juu, na matawi yanayougusa. Huko Kibosho najua laini zinavyopita, katikati ya migomba, miparachichi na ile migrevelia ya kuipa kahawa kivuli. Tawi bichi lililolowa likilala juu ya waya ulio wazi, umeme unavuja kidogo kwenda ardhini na nyaya zinasukumwa zigusane. Ila mimi nashuku zaidi ile sehemu ambapo waya wa alumini wa nguzoni unaungana na wa shaba unaoingia nyumbani. Metali hizo mbili hazipatani. Zikifungwa pamoja bila kiungio chake maalumu, mvua ikaingia, alumini huota unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme vizuri. Pale panapata joto mchana kutwa, panapoa usiku, panalegea kidogo kila siku. Upepo ukija unamalizia.

Sasa fanya uchunguzi ambao hauna gharama. Jioni taa zikififia, toka nje uangalie za jirani. Kama zake zimetulia, tatizo ni la waya wako kutoka nguzoni, au ni kwenye mita na meini swichi yako. Kisha mwambie mjukuu awashe birika la umeme nawe ukitazama taa. Kufifia kidogo sana ni kawaida. Zikilala kabisa birika linapowaka, kuna kiungo kibovu njiani. Macho ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani: kwa balbu ya zamani yenye waya ndani, volti zikishuka asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Ndiyo maana taa zinalalamika wakati redio inaendelea kusoma taarifa ya habari.

Kuna dalili moja, Mwalimu, ambayo ukiiona usiendelee na uchunguzi wowote. Ni pale taa zako zinapong'aa kupita kiasi wakati za jirani zimefifia, halafu baada ya muda mambo yanageuka. Hapo waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, umelegea au umekatika huko nguzoni au kwenye transfoma. Nyumba za mtaa hugawiwa kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme. Kati ya kila fezi na nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi na fezi ziko 400. Nyutro ikiwa nzima kila nyumba inapata 230 zake. Ikiondoka, nyumba zinaanza kugawana hizo 400 bila haki: anayetumia umeme mwingi anapata volti chache, na wewe mwenye taa mbili na redio unapata nyingi. Televisheni na friji zinazoungua mtaani siku moja, nyingi zinaungua hivyo. Zima meini swichi, chomoa vitu, piga simu ya dharura ya shirika la umeme.

Kila kitu kilicho kabla ya mita ni mali ya shirika, wala mimi mwenye leseni siruhusiwi kukigusa. Kwa hiyo kishoka, yaani fundi asiye rasmi, akikuambia atapanda nguzo yako kwa elfu kumi, mpe chai umruhusu aende. Kwa kazi ya ndani ya nyumba, muulize fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kabla hajafungua begi. Asiye nayo atakasirika, na hasira hiyo ni jibu.

*Dada fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, Pasua. Taa yetu ya korido ni ya LED. Usiku tukiizima inamulika kidogo, inakaa, inamulika tena, mpaka asubuhi. Mama mkwe amekuja kutoka Rombo na ameshanyunyiza maji ya baraka mara mbili. Mume wangu anacheka, lakini naye siku hizi hapiti korido bila tochi ya simu.*

Nzuri mdogo wangu. Msalimie mama mkwe, na mwambie maji ya baraka asinyunyizie upande wa swichi.

Nenda kaangalie hiyo swichi usiku. Ina nukta nyekundu inayowaka taa ikiwa imezimwa? Kama inayo, umeshampata jini wako. Nukta hiyo ili iwake inahitaji umeme kidogo sana, na umeme huo unapita kwenye balbu ya korido ndipo urudi. Ndani ya balbu ya LED kuna kapasita. Ichukulie ni kikombe chini ya bomba linalodondosha: tone kwa tone kinajaa, kinamwagika mara moja, kinaanza upya. Kule kumwagika ndiko kumulika mnakokuona. Balbu ya zamani ya wati 60 ilihitaji robo nzima ya ampea ili iwake sawasawa, hivyo vitone hivyo vilipita ndani yake wala hakuna aliyejua. Umeme huo wa kuibia ulikuwepo siku zote, LED imeuonyesha tu.

Kama swichi haina nukta, kuna sababu mbili nyingine. Korido nyingi zina swichi mbili, moja kila mwisho, na nyaya zake zinakwenda sambamba masafa marefu ndani ya bomba moja. Waya ulio na umeme unaambukiza kidogo ule usio nao. Hilo halina madhara. Fundi anaweza kufunga kapasita ndogo kwenye taa ikameza huo umeme, au mbadilishe aina ya balbu na mambo yakaisha.

Sababu ya pili siipendi hata kidogo, na hapa Moshi naikuta kwenye nyumba mpya kuliko za zamani. Fundi aliyejenga amepitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu, ule waya unaoleta umeme. Taa inazimika, kila mtu anaridhika, lakini holda pale juu bado ina volti 230 hata swichi ikiwa imezimwa. Siku mtu atapanda kwenye stuli kubadilisha balbu, mkono umelowa, akiamini amezima. Mwite fundi apime holda taa ikiwa imezimwa. Akikuta laivu ipo, abadilishe na aangalie vyumba vyote, maana aliyekosea korido hakukosea hapo tu. Kabla hajafika, mtu asiguse balbu yoyote bila kuzima meini swichi.

*Shikamoo mama fundi. Mimi chalii wa Ngarenaro, Arusha, nina saluni ya kiume. Nimeweka taa za LED kuzunguka kioo, kali sana, wateja wanazikubali. Ila nikirekodi video za kunyoa nizirushe mtandaoni, kwenye simu vinaonekana vivuli vyeusi vinapanda na kushuka. Kwa macho sivioni. Halafu jirani yangu anachomelea mageti, akianza tu taa zote zinaruka. Nipeleke wapi kesi hizi mbili?*

Marahaba chalii wangu. Kesi hizi hazina undugu, kwa hiyo kila moja na mahakama yake.

Ya simu kwanza. Umeme wetu unabadilisha mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko unapita sifuri mara mbili. Yaani mara 100 kila sekunde taa yako inakosa umeme kwa kitambo. Balbu iliyotengenezwa vizuri ina kapasita ya kutosha ndani yake kuvuka hizo nafasi bila mwanga kutikisika. Za bei ya chini wameibana kapasita, au hawakuiweka kabisa, basi mwanga unapanda na kushuka mara 100. Jicho haliwezi kufuata kasi hiyo. Kamera ya simu inaweza, kwa sababu haipigi picha yote mara moja, inasoma mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Mistari iliyosomwa mwanga ukiwa chini inatoka myeusi.

Ingia kwenye mipangilio ya kamera yako, simu nyingi zina sehemu ya kuchagua 50 au 60. Weka 50. Kama kamera inakuruhusu kuchagua kasi ya shata, weka moja ya 50 au moja ya 100 ya sekunde. Vivuli vitapungua sana au vitaisha. Na siku ukienda kununua taa nyingine, mwombe muuza duka aiwashe, uisogeze simu karibu na kuitazama kupitia kamera. Yenye mistari minene iache hapo hapo. Muuza duka atanuna. Hata mimi wateja wakinifanyia hivyo nanuna kidogo, kisha nawauzia ile nzuri.

Kwa kinyozi taa za namna hii ni kero tu. Kwa fundi seremala ni hatari, na nasema hili kwa sababu najua una jamaa kule kwenye karakana za mbao. Chini ya mwanga unaokatika mara 100 kwa sekunde, msumeno unaozunguka kwa kasi fulani unaweza kuonekana umesimama. Mtu ananyoosha mkono kuchukua kipande cha mbao. Huko waweke taa nzuri au wachanganye taa za fezi tofauti.

Sasa jirani wa mageti. Mashine ya kuchomelea inavuta umeme mwingi kila fimbo inapogusa chuma, inaacha, inavuta tena. Waya mnaotumia wote wawili kutoka transfoma una ukinzani wake, yaani unauzuia umeme kidogo, na kila anapovuta, volti zinapungua kwako pia. Jicho la binadamu linasumbuliwa zaidi na mwanga unaoruka karibu mara 8 hadi 10 kwa sekunde. Saluni yako haina kosa, usiruhusu mtu akuuzie chochote. Peleka ombi kwenye shirika wakuhamishie fezi nyingine, kama kwenye nguzo yenu zipo zote tatu. Yeye naye, kwa kazi ile, angeomba laini ya fezi tatu. Zungumza naye kwa utaratibu, siku akija kunyolewa, kabla hujamaliza upande wa pili.

*Mimi wa Njiro. Balbu moja ya LED jikoni inawaka vizuri, baada ya muda inaanza kukonyeza, inazima, inarudi. Nyingine zote hazina shida.*

Hii sasa ni balbu iliyoharibika, kwa mara ya kwanza katika ukurasa huu. Hongera. Ndani yake vijitaa vidogo vimeungwa kwa mfululizo, kimoja kikiachia wote wanazima. Ikipata joto kiungo kinatanuka na kuachia, ikipoa kinashika tena. Nakisia umeifunga ndani ya kioo kilichozibwa kila upande, juu ya jiko. LED haipendi joto: kapasita yake hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Maneno "saa 25,000" kwenye boksi hayakuandikwa kwa ajili ya balbu iliyofungiwa juu ya sufuria ya makande. Nunua nyingine, na kioo kiwe wazi chini. Kabla hujaitupa ya zamani, ijaribu kwenye holda ya chumba kingine. Ikitulia huko, basi ni springi za holda ya jikoni zimelegea, na holda ni bei ndogo kuliko balbu.

*Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, Marangu. Taa za tyubu kwenye chumba cha kujisomea zinapepesa, wanafunzi wanalalamika vichwa. Wanatafuta sababu ya kutosoma, au kuna ukweli?*

Mama, wapo wanaotafuta sababu, lakini ukweli upo. Mwaka 1989 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yao kuhusu wafanyakazi wa ofisini: tyubu zilipowekewa choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) za elektroniki badala ya zile nzito za kawaida, maumivu ya kichwa na ya macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Choki ya elektroniki huendesha tyubu maelfu ya mara kwa sekunde badala ya 100. Na kama mna mwanafunzi mwenye kifafa, usisubiri hata wiki, kwani mwanga unaopepesa unaweza kukiamsha kifafa chake.

Anza na stata, kile kikopo kidogo pembeni. Kibadilishe, ni bei ya soda. Kama miisho ya tyubu imekuwa myeusi, tyubu imezeeka na stata mpya haitaisaidia. Mkiwa na bajeti, hamieni LED moja kwa moja, lakini fundi aondoe choki kama tyubu mpya inavyodai kwenye maelekezo yake. Za zamani zina zebaki ndani. Zisivunjwe na watoto nyuma ya bweni. Ikivunjika, fungueni madirisha, toeni watu, okoteni vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa kilicholowa, msifagie.

*Fundi, mimi nafuga kuku Machame. Banda liko mita 60 kutoka nyumbani. Kijana wangu wa kazi analala pembeni ya banda, akichemsha maji kwa birika, taa za vifaranga zinafifia.*

Nina hakika ulivuta waya wa milimita 1.5, ule wa taa. Mita 60 kwenda na 60 kurudi zina ukinzani karibu omu 1.5. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Zidisha: volti 13 zinapotelea njiani. Balbu za vifaranga zinapoteza karibu sehemu moja ya tano ya mwanga, na joto linapungua kama asilimia 10. Usiku wa Julai huko Machame kifaranga analijua hilo kabla yako. Vuta waya wa milimita 4 uliofukiwa, wenye saketi breka yake peke yake, upotevu utashuka hadi volti 5. Mpaka ufanye hivyo, maji ya kijana yachemkie jikoni kwako.

*Sakina, Arusha: Taa zikicheza, Luku inaliwa zaidi?*

Taa yenyewe haili zaidi. Kiungo kilicholegea ndicho kinachokula. Kikiwa na ukinzani wa omu 1 na umeme unaopita ni ampea 10, hapo panageuka joto la wati 100. Kila saa kumi uniti moja imekwenda, na hujapata hata chai. Uniti isikuumize kichwa. Uliza hizo wati 100 ziko wapi: ziko ndani ya kiboksi cha plastiki ukutani, labda nyuma ya kabati la nguo. Pita kwenye soketi na swichi zako ukitafuta plastiki iliyogeuka kahawia, au mlio wa kutafuna unapowasha pasi. Plastiki ya vifaa vya umeme ikianza kuungua mara nyingi hutoa harufu ya samaki. Ukiisikia na hakuna aliyekaanga samaki, zima meini swichi kwanza, ndipo umtafute fundi. Kama ni usiku, laleni gizani.